Akaunti Yako Kimefungwa

Ulifika saa mbili kasorobo, uji ungali jikoni:
"Mpedwa mteja, akaunti yako kimefungwa.
Bonyeza hapa kukifungua."
Nikacheka peke yangu, hapa Jericho,
kicheko cha mtu aliyelipwa miaka ishirini na sita
kuwinda makosa ya wengine
katika kiwanda cha chapa:
meza ya kona, taa ya manjano, kalamu nyekundu.

Akaunti, mwanangu, hailali chumba kimoja na kiti na kisu.
Na huyo "mpedwa", en yake imedondoka wapi?
Nikafuta. Nikanywa uji.
Nikajiambia, mwizi asiyejua ngeli
hawezi kuniibia mimi.
Uji wa majivuno nao huwa mtamu ukiwa moto.

Jumatano Makokha wa mlango wa tatu
hakufungua kibanda chake cha kunyolea.
Alhamisi pia.
Nekesa, mkewe, akaninong'onezea kwenye kamba ya nguo:
elfu themanini na tatu. Karo ya Sitati.
Aliambiwa mkopo umeombwa kwa jina lake,
aukatae ndani ya dakika kumi,
na kuukataa kulitaka nambari ya siri.
Akakataa. Kwa tarakimu nne, akakataa.

Nilimwendea na somo langu mfukoni.
Nikaomba simu, nikavaa miwani,
nikausoma mara ya kwanza, mara ya pili,
kidole kikitafuta pa kutia wekundu.
Hapakuwa na pahali.
Koma zimekaa zinapokaa.
"Tunasikitika kukujulisha, Bw. Makokha,"
na tarakimu tatu za mwisho za kitambulisho chake,
Kiswahili ambacho ningekipitisha mtamboni
bila kukigusa.
Wezi wamepata msahihishaji.
Huenda tulikaa naye meza moja.

"Kosa lilikuwa wapi?" akaniuliza,
macho kwenye sakafu.
Nikamrudishia simu yake.
"Halimo."

Wangu wa pili ulikuja Ijumaa usiku, stima imepotea,
kioo cha simu ndicho taa pekee chumbani:
"Bi. Rehema Kemunto, fedha zako zinatolewa sasa hivi.
Piga nambari ifuatayo kuzizuia."
Fedha, zinatolewa. Nambari, ifuatayo. Sahihi, sahihi.
Pensheni yote ikanipanda kooni.
Kidole kilikuwa kimefika tarakimu ya saba

ndipo nikaikumbuka benki yangu,
ile ya Tom Mboya, ghorofa ya chini,
inavyonikalisha kwenye benchi la bati tangu saa tatu,
kijana wa dirishani akimaliza chai hadi machicha,
kisha anitume nikatoe nakala ya kitambulisho,
nikirudi aniambie mtandao umelala.
Miaka kumi na tisa
haijanikimbilia hata siku moja.
Basi huyu anayetokwa jasho kwa ajili yangu
saa nne za usiku
ni nani?

Nikazima simu. Sitadanganya, sikulala.
Nilihesabu kila shilingi gizani
mpaka nikasikia wauza maziwa.

Jumamosi nikapanga foleni.
Yule kijana akasoma kioo chake polepole,
akafuta miwani, akasoma tena,
Mungu ambariki kwa uvivu wake,
akasema: zipo zote.
Na sisi, mama, hatuombi nambari ya siri.
Hata mimi nikikuomba, nikatalie.

Niliporudi nikapitia kwa Makokha.
Kibanda kiko wazi, mteja mmoja, povu kidevuni.
Juu ya kioo amebandika karatasi,
mwandiko wake, wino wa bluu, herufi zinapanda mlima:

NAMBARI YA SIRI NI KAMA WEMBE WAKO
HAKIAZIMWI

Nikaisoma mara ya kwanza, mara ya pili.
Kalamu ilikuwa mkobani.
Nikaiacha humo humo,
nikakaa kwenye fomu, nikamsalimu.